Taa nyeupe za LED, maumivu ya kichwa na usingizi wa mjukuu: nirudishe balbu za zamani?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 66, ninaishi Tanga na wajukuu wangu wawili, mmoja yuko darasa la kwanza na mwingine kidato cha nne. Kijana wangu alipokuja likizo aliondoa balbu zote za zamani za wati 60 akaweka za LED. Kwenye boksi zimeandikwa 18W 6500K. Luku sasa inakaa, nakiri. Lakini tangu hapo kichwa kinaniuma nikikaa sebuleni jioni, na macho yananichoka upesi. Yule mdogo, ambaye saa 3 usiku alikuwa ameshalala, sasa saa 4 na nusu bado anazunguka kitandani. Jirani ananiambia taa hizi zinapofusha na zinaleta saratani. Je, nirudishe balbu za zamani?

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Nakushukuru kwa kunakili maandishi ya kwenye boksi, kwa sababu yale maneno mawili, 18W na 6500K, yamenipa zaidi ya nusu ya jibu.

Balbu za zamani usizirudishe. Maumivu yako ni ya kweli, usingizi wa mjukuu umechelewa kweli, na ninaamini taa hizo zinahusika. Lakini hazihusiki kwa sababu tu ni za LED. Yanayohusika ni rangi ya mwanga, wingi wake, saa unapowashwa, na ubora wa vifaa vilivyomo ndani ya balbu. Yote manne hurekebishika kwa kubadilisha balbu mbili tatu na kuongeza taa ya mezani, na luku yako itaendelea kukaa vilevile. Ama maneno ya jirani kuhusu kupofuka na saratani, nitayafikia, kwa kuwa hayakuzuka hivi hivi: yana asili yake katika utafiti, ila yamevuka mbali mpaka wa kile ambacho watafiti wenyewe wamesema.

Balbu ya zamani hutoa mwanga kwa kupashwa moto. Umeme hupita katika uzi mwembamba wa tangsteni mpaka uzi ukafikia joto la karibu kelvini 2,700, na kitu chochote kilichopata joto la kiasi hicho hung'aa kwa mwanga wa manjano wenye wekundu mwingi na buluu kidogo. Zaidi ya asilimia 90 ya umeme huo hutoka ukiwa joto na miale ya infraredi isiyoonekana, ndiyo maana balbu hiyo haishikiki ikiwa inawaka. LED hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa. Ndani yake kuna vipande vidogo vya kristali ambavyo, vikipitishiwa umeme, hutoa mwanga wa buluu wenye mawimbi ya urefu wa karibu nanomita 450 (nanomita moja ni sehemu ya bilioni ya mita), na juu ya vipande hivyo hupakwa unga maalumu wa njano. Sehemu ya buluu humezwa na unga huo na kutolewa upya ikiwa njano na nyekundu, sehemu nyingine hupenya kama ilivyo, na jicho likiyapokea yote kwa pamoja huona weupe. Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, wanasayansi wazaliwa wa Japani, walipewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014 kwa kubuni diodi ya buluu inayofanya kazi vizuri, kwa kuwa bila hiyo taa nyeupe za namna hii zisingepatikana. Ile buluu ndiyo msingi wa taa hizi, na ndiyo msingi wa hofu inayozizunguka.

Hata hivyo, kiasi cha buluu kinachobaki kwenye mwanga humtegemea mtengenezaji. Akizidisha ule unga na kuuchanganya na wa kutoa wekundu, mwanga hutoka wa manjano. Akiupunguza, hutoka mweupe unaoelekea buluu. Hilo ndilo linaloandikwa kwa kelvini kwenye boksi: 2,700 hadi 3,000 ni mwanga wa manjano, 4,000 ni mweupe wa kati, na 6,500 ni mweupe wa buluu unaofanana na wa mchana. Namba inavyopungua ndivyo mwanga unavyozidi kuwa wa manjano, jambo ambalo wanunuzi wengi hulidhania kinyume chake. Balbu ya LED ya kelvini 2,700 ina sehemu ya buluu inayokaribiana sana na ya balbu ulizoondoa. Katika maduka yetu mengi, kuanzia Kariakoo hadi kwenye vioski vya mtaani, iliyojaa ni ile ya 6,500, kwa sababu mteja huona nyeupe ndiyo yenye nguvu, na muuzaji huleta kinachouzika. Ndivyo ilivyotokea kwamba watu wengi wanazihukumu taa zote za LED kwa aina moja tu waliyoizoea.

Sababu ya buluu kuhusika na usingizi imejulikana kwa muda mfupi tu. Mpaka karibu na mwisho wa karne ya 20 ilifundishwa kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho, ina aina mbili za seli zinazohisi mwanga, na zote ni za kuonea. Mwaka 1998 Ignacio Provencio na wenzake walieleza protini iitwayo melanopsini, na mwaka 2002 David Berson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Brown, Marekani, wakaonyesha kwamba kuna seli chache nyingine za retina zinazohisi mwanga zenyewe. Kazi yake kubwa ni kuupasha ubongo habari kama ni mchana au usiku. Hushtuka zaidi kwa mwanga wa karibu nanomita 480, ambao ni buluu ya anga. Zikishtuliwa usiku, tezi ya pineali iliyo ndani ya ubongo hupunguza kutoa melatonini, ile homoni inayoutangazia mwili kwamba usiku umeingia. Kwetu huku karibu na ikweta jua huzama karibu saa 12 na nusu jioni mwaka mzima, na melatonini kwa kawaida huanza kupanda saa mbili hivi kabla ya mtu kulala. Kwa mtoto anayelala saa 3, saa hizo ni zilezile anapokuwa sebuleni, chini ya taa, akisubiri chakula cha usiku.

Sasa tupige hesabu ya sebule yako. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 700 hadi 800, lumeni zikiwa kipimo cha wingi wa mwanga unaotoka kwenye taa. LED inayolingana nayo ni ya wati 8 au 9. Ya wati 18 hutoa lumeni 1,500 au zaidi. Kijana wako, kwa nia njema, amekuwekea mwanga mara mbili ya uliokuwepo. Kisha mwanga wa kelvini 6,500, hata kwa wingi uleule, huzishtua seli za melanopsini takribani mara mbili ya mwanga wa kelvini 2,700. Mbili mara mbili ni nne. Mjukuu wako, kila jioni, anapata karibu mara nne ya kichocheo cha "ni mchana" alichokuwa anakipata kabla ya likizo ile. Kama angewekewa LED ya wati 9 ya kelvini 2,700, mwili wake usingetambua kwamba balbu zimebadilishwa.

Kwamba wingi wa mwanga una uzito wake hata pasipo LED, ushahidi upo tangu zamani. Mwaka 2011 Joshua Gooley na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu wazima 116: mwanga wa kawaida wa chumbani, usiofika luksi 200 (luksi hupima mwanga unaofika mahali ulipo), ulichelewesha melatonini kwa karibu kila mmoja wao na kufupisha muda wake kwa takribani dakika 90, ukilinganishwa na mwanga hafifu usiozidi luksi 3. Watu pia hutofautiana sana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulikuta kwamba kati ya mtu mmoja na mwingine, wepesi wa kuathiriwa na mwanga wa jioni unaweza kutofautiana kwa zaidi ya mara 50, kwa hiyo si ajabu nyumba moja, taa moja, mmoja akalala fofofo na mwingine akakesha. Watoto kwa jumla huathirika zaidi. Watafiti wa Japani waliwalinganisha watoto wa shule ya msingi na wazazi wao chini ya mwanga mmoja, wakaona melatonini ya watoto inazimwa karibu mara mbili ya ile ya wazazi. Sababu mojawapo ni kwamba lenzi ya jicho la mtoto bado ni safi na huipitisha buluu nyingi, ilhali lenzi yako na yangu zimeshaanza kuwa za manjano kwa umri. Nisisitize kwamba jambo hili si ugonjwa. Mwanga ukipunguzwa jioni, saa ya mwili hurudi mahali pake, kwa kawaida ndani ya siku chache.

Kichwa chako, Mwalimu, kina maelezo mengine, na hapa ninashuku zaidi ubora wa balbu kuliko rangi yake. Umeme wetu wa gridi hubadilisha mwelekeo mara 50 kwa sekunde, kila mara ukienda na kurudi, hivyo nguvu yake hupanda na kushuka mara 100 kwa sekunde. Uzi wa balbu ya zamani ukishapata moto haupoi papo hapo, kama pasi inavyobaki ya moto baada ya kuchomolewa, kwa hiyo mwanga wake hutikisika kidogo tu. LED haina akiba hiyo ya joto. Umeme ukishuka, mwanga unashuka nao wakati uleule, isipokuwa mtengenezaji awe ameweka ndani ya balbu saketi nzuri ya kuunyoosha umeme. Balbu ya bei ya chini ukiifungua, mara nyingi unakuta kibao kidogo chenye vipande vya LED, kigeuza umeme kidogo sana, na kapasita, yaani kifaa cha kuweka akiba ya umeme, ndogo isiyotosha, na wakati mwingine kapasita yenyewe haipo. Ni kifaa cha kugharimu pesa kidogo mno, lakini ndicho kinachoondolewa kwanza mtu anapotaka kuuza balbu kwa bei ya kutupa. Balbu ya namna hiyo huzimika karibu kabisa na kuwaka tena mara 100 kila sekunde.

Jicho haliwezi kuona kuchezacheza kwa kasi hiyo moja kwa moja, lakini mfumo wa neva hupokea. Mwaka 1989 Arnold Wilkins na wenzake huko Uingereza walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wa ofisini waliokuwa chini ya taa za tyubu zinazocheza mara 100 kwa sekunde. Tyubu zilipowekewa vifaa vya kisasa vya kuondoa mchezo huo, maumivu ya kichwa na uchovu wa macho vilipungua kwa zaidi ya nusu, na wafanyakazi wenyewe hawakujua ni lini wapo chini ya taa ipi. Wenye kipandauso huathirika zaidi ya wengine. Kwa sababu hiyo Umoja wa Ulaya, tangu Septemba 2021, umeweka kikomo cha kuchezacheza kwa balbu zinazouzwa katika nchi zake. Kifafa kinachochochewa na mwanga ni suala jingine: hicho huhusiana na mimweko ya polepole, hasa ya mara 15 hadi 25 kwa sekunde, na balbu nzima ya nyumbani haifanyi hivyo. Balbu inayokufa, inayowaka na kuzimika waziwazi, iondolewe mapema kwenye nyumba yenye mtu mwenye kifafa.

Unaweza kuipima balbu yako leo usiku. Washa taa ya sebuleni peke yake, fungua kamera ya simu, isogeze karibu na balbu kama umbali wa shibiri mbili, kisha utazame kioo cha simu bila kupiga picha. Ukiona mistari mipana ya giza inatembea juu ya picha, balbu inachezacheza sana; ukiona mwanga umetulia, au mistari hafifu isiyoonekana vizuri, balbu hiyo haina tatizo kubwa. Kama simu hairahisishi, chukua kalamu nyeupe na uipunge haraka kulia na kushoto chini ya taa, mbele ya kitu cheusi. Chini ya mwanga uliotulia utaona utando mmoja unaoendelea, na chini ya balbu mbovu utaona kalamu nyingi zilizokatika katika, kila moja imesimama mahali pake. Vipimo hivi si vya maabara, lakini kwa kuchagua balbu dukani vinatosha, na muuzaji mwema atakuruhusu kujaribu kwenye soketi yake.

Kuna na jambo la kiwi. LED hutoa mwanga mwingi kutoka kwenye eneo dogo sana, na balbu ikining'inia uchi katikati ya sebule, kwenye kimo cha macho ya mtu aliyekaa, inatia kiwi kila unapoinua uso. Misuli ya macho na ya paji la uso hukaza bila mtu kujijua, na jioni nzima ya namna hiyo huisha na kichwa kizito. Balbu yenye kifuniko cheupe kisichoonyesha ndani, au taa iliyowekewa kivuli, au iliyoelekezwa darini ili mwanga urudi chini ukiwa laini, huondoa adha hii.

Nirudi kwa jirani yako. Ni kweli kwamba buluu kali sana inaweza kuiunguza retina. Sehemu hatari zaidi iko karibu na nanomita 440, na majaribio mengi yaliyoonyesha madhara hayo yalifanywa kwa panya na kwa mwanga mkali ambao hakuna sebule inayoufikia. Kamati ya kisayansi ya Umoja wa Ulaya inayoshughulikia afya na mazingira, SCHEER, ilipitia ushahidi na kutoa maoni mwaka 2018: haikuona ushahidi wa madhara ya moja kwa moja kwa afya ya watu wazima wenye afya njema kutokana na matumizi ya kawaida ya LED, ikiongeza kwamba watoto na wazee wapewe uangalifu zaidi. Shirika la usalama wa afya la Ufaransa, ANSES, lilikuwa na wasiwasi mkubwa kidogo katika ripoti zake za 2010 na 2019, na ushauri wake wa nyumbani ulikuwa kutumia taa za manjano, chini ya kelvini 3,000. Ukizisoma taasisi hizo mbili kwa pamoja, hazipingani katika vitendo. Kumbuka pia kwamba jua la mchana hufikia luksi 100,000, ilhali sebule yenye mwanga mzuri haizidi mia chache. Mtoto akicheza nje saa 4 asubuhi hupata buluu nyingi mno kuliko ya taa zako za usiku mzima, na kucheza nje huko kunamsaidia asipate tatizo la kutoona mbali. Kinachotakiwa kukatazwa kwa ukali ni kukodolea macho LED yenye nguvu kwa karibu, hasa watoto wanaomulikana tochi usoni kwa mchezo.

Ukiuziwa miwani ya "kuzuia buluu" kwa ajili ya uchovu wa macho, hifadhi fedha yako. Mapitio ya mwaka 2023 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 17, yalionyesha kwamba kwa muda mfupi miwani hiyo huenda isipunguze uchovu wa macho kuliko miwani ya kawaida.

Kuhusu saratani, asili ya hofu ni kazi za usiku. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2007 liliiweka kazi ya zamu inayovuruga saa ya mwili katika kundi la mambo ambayo huenda yakasababisha saratani, na mwaka 2019 likathibitisha hivyo kwa kazi ya zamu za usiku. Uamuzi huo unawahusu watu kama wauguzi na wafanyakazi wa viwandani waliokesha miaka mingi. Mwaka 2018 watafiti wa Hispania waliochunguza Madrid na Barcelona waliona uhusiano kati ya buluu nyingi ya taa za nje na saratani za matiti na tezi dume, lakini walipima mwanga wa mitaa kwa picha zilizopigwa kutoka angani, na uhusiano wa namna hiyo hauthibitishi chanzo. Chama cha Madaktari cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba taa za barabarani zisizidi kelvini 3,000, na mimi ningefurahi halmashauri zetu zikilizingatia hilo zinapobadilisha taa za mijini. Kwa sebule inayozimwa taa saa 4 au 5 usiku, hakuna utafiti unaokuruhusu kusema LED itakuletea saratani.

Wapo wanaosema balbu ya zamani ilikuwa na faida kwa ile infraredi yake. Ni kweli kwamba LED haitoi karibu kabisa miale hiyo, na Glen Jeffery na wenzake wa Chuo Kikuu cha UCL, London, wamechapisha tangu 2020 majaribio madogo ambamo mwanga mwekundu wa nanomita 670, kwa dakika chache asubuhi, uliboresha kidogo uwezo wa kuona wa watu wenye umri mkubwa. Ni utafiti wa kufuatilia, lakini haukuhusu balbu ya darini, na mtu anayeishi Tanga na kutoka nje mchana hupata infraredi ya jua kwa wingi ambao balbu haiwezi kuukaribia. Kwa upande mwingine, balbu ile ina madhara yake yasiyo na ubishi: kioo chake huvuka nyuzi 100 za Selsiasi, huunguza mikono ya watoto, huanzisha moto ikigusana na pazia au karatasi, na huongeza joto kwenye chumba ambacho tayari kina joto la pwani. Tusisahau pia nyumba ambazo hazijawahi kuwa na balbu yoyote. Kwa familia inayotoka kwenye kibatari na kuwasha taa ndogo ya LED ya sola, faida ya afya ni kubwa mno, kwa kuwa moshi wa mafuta ya taa huumiza mapafu na moto wake huunguza watoto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2014, lilishauri mafuta hayo yasitumike majumbani.

Neno moja kwa wenye ualbino na wenye ugonjwa wa lupasi, ambao huniuliza kama taa hizi zinaunguza ngozi: LED nyeupe ya kawaida haitoi karibu kabisa miale ya urujuanimno, kwa hiyo ngozi haiungui nayo. Tatizo lao, hasa wenye ualbino, ni kiwi, na dawa yake ni kivuli cha taa na mwanga wa manjano.

Sasa tengeneza nyumba yako hivi. Sebuleni na vyumba vya kulala, weka LED ya wati 7 hadi 9, kelvini 2,700 au 3,000, iliyopita jaribio la simu na yenye kifuniko kisichoonyesha ndani. Zile nyeupe za wati 18 usizitupe. Zipeleke jikoni, bafuni na nje mlangoni, kama hazichezichezi, maana huko unahitaji kuona vizuri na hukai muda mrefu. Wewe mwenyewe usikae gizani kwa ajili ya mtoto. Jicho la mtu wa miaka 60 hupitisha mwanga mchache sana kuliko la kijana wa miaka 20, karibu theluthi yake, na sebule yenye giza humwangusha mzee kwenye mkeka. Nunua taa ya mezani ya manjano, iweke pembeni ya kiti chako, mwanga uangukie kitabu na usiangukie uso. Mtoto akianza kusinzia saa 2, zima taa kubwa, ubaki na ya mezani. Wanasayansi waliopendekeza viwango mwaka 2022 walisema saa tatu za mwisho kabla ya kulala jicho lisipokee zaidi ya luksi 10 kwa kipimo cha melanopsini, na chumbani wakati wa kulala isizidi luksi 1. Hutahitaji kifaa cha kupimia, ilimradi taa kubwa zimezimwa na yule mdogo halali taa ikiwa inawaka. Mwenye mtihani wa kidato cha nne naye atahitaji mwanga wa kutosha juu ya daftari mpaka saa 4. Mpe taa yake ya mezani, na umwambie atoke nje kwenye mwanga wa jua asubuhi na mchana, kwa sababu mwanga mwingi wa mchana huufanya mwili usivurugike sana na ule wa jioni. Simu za kitandani ziwekewe mwanga mdogo, au bora zaidi zibaki sebuleni.

Fanya hivyo kwa wiki mbili. Kama kichwa kimeacha kuuma, umeshapata chanzo. Kama bado kinauma, au ukiona taa za magari usiku zinakutia kiwi kuliko zamani, tafadhali nenda kliniki ya macho, kwa sababu katika umri wako mtoto wa jicho huanza mara nyingi kwa dalili hiyohiyo, na taa mpya huwa imefichua tu kilichokuwepo. Mwombe daktari akupime lenzi, presha ya macho na miwani ya kusomea, na umweleze kwamba maumivu huja jioni chini ya taa. Lakini kichwa kikiuma ghafla kwa nguvu, jicho likawa jekundu, ukatapika, au ukaona duara za rangi kuzunguka taa, hiyo inaweza kuwa presha ya macho iliyopanda ghafla. Usisubiri asubuhi, mwambie mjukuu akupeleke hospitali usiku huohuo.